Paa la turubai au paa la bati: lipi la kujifunzia kudrifti?

"Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Chumbageni, hapa hapa Tanga. Nimeweka akiba kwa muda mrefu, na sasa kuna BMW 3 mbili nimeziona Dar, zote za mwaka 2003, injini ya aina moja, gia za mkono. Moja ina milango miwili na paa la bati. Nyingine ni ile ya wazi, turubai lake linakunjwa nyuma ya siti. Bei ya hiyo ya wazi iko chini kidogo. Nataka kujifunza kudrifti, yaani kulitelezesha gari ubavu kwa makusudi. Rafiki yangu anasema nichukue ya wazi, maana haina paa, kwa hiyo ni nyepesi, na gari jepesi ndilo linaloteleza vizuri. Wewe unasemaje?"

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kaanza vizuri, kamaliza vibaya. Gari jepesi kweli ni raha kudrifti. Ila hiyo ya wazi si nyepesi. Ukizipandisha zote mbili kwenye mizani, ya wazi itaizidi ya bati kwa zaidi ya kilo 100. Na ukitaka jibu langu bila kuzunguka: kachukue ya bati. Lakini swali lako lina mambo yaliyojificha chini ya zulia, na pesa yako itapotelea hapo chini ya zulia, kwa hiyo kaa kitako nikueleze.

Chukua boksi la viatu. Liache na mfuniko wake, zungusha selotepu pande zote, kisha shika ncha zake mbili ulikamue kama unakamua shuka. Litakugomea. Sasa ng'oa mfuniko, ulikamue tena. Linajinyonga mkononi kama mkunga aliyetolewa kwenye dema. Bodi ya gari ni boksi hilo. Paa la bati ni mfuniko uliozungushiwa selotepu: limechomelewa kwenye nguzo zote, na nguvu zinazotoka gurudumu la mbele kushoto kwenda la nyuma kulia zinapita humo. Ukilikata, nguvu hizo lazima zitafute njia nyingine, na njia iliyobaki ni sakafu.

Sisi watu wa pwani hili halitusumbui kulielewa. Mashua isiyo na sitaha haipasuki baharini kwa sababu fundi wake ameweka nguvu chini, kwenye mkuku na mataruma. Kiwanda kinachotengeneza gari la wazi kinafanya vivyo hivyo. Mihimili ya chini ya milango inanenepeshwa, vyuma vya mkingamo vinafungwa chini ya sakafu, nguzo za kioo cha mbele zinatiwa chuma kigumu zaidi ndani yake. Baada ya hapo ndiyo unaongezwa mtambo wa turubai wenyewe: fremu, mota, pampu ya mafuta, mabomba, na kifuniko cha kulifichia. Bati la paa lililoondolewa ni jepesi kuliko vyote hivyo vilivyoongezwa. Hapo ndipo hesabu ya rafiki yako ilipoharibikia. Angesema "uzito wa gari la wazi unakaa chini zaidi" ningempa nusu ya maksi, maana hilo ni kweli kwa kiasi chake turubai likiwa limekunjwa.

Sasa, kujinyonga huko kunamhusu vipi mtu anayedrifti?

Kudrifti ni kuyavunjia matairi ya nyuma mshiko wake kwa makusudi, kisha kuliweka gari ubavu huku usukani umeugeuza upande wa pili, ukiishikilia ile pembe kwa mguu wa mafuta. Kuanzisha si kazi. Hata mwenye teksi akikanyaga vibaya siku ya mvua ya masika ataanzisha bila kutaka. Kazi ni kuishikilia, na ngumu kuliko zote ni kuligeuza: gari lilikuwa limelala kushoto, unalitupa lilale kulia. Katika nusu sekunde ile uzito wote unahama upande. Wewe unausikia kwa makalio kabla macho hayajaona, na mikono inafuata. Anayedrifti vizuri anasikiliza kwa siti.

Springi na shokapu zimewekwa ili uhamaji huo uwe na adabu: springi inasukuma, shokapu inaituliza. Bodi inayojinyonga ni springi ya tano ambayo haina shokapu. Unatupa gari kulia, pua inatii, mkia unachelewa kidogo wakati bodi inajikamua, halafu unakuja kwa mkupuo. Ucheleweshaji wenyewe ni mdogo sana, ila kwenye drifti mambo yote yanaamuliwa humo. Na mtu anayejifunza hajui bado kama kosa ni la mkono wake au la gari, kwa hiyo anajirekebisha mara mbili, na akijirekebisha mara mbili gari linazunguka kama pia.

Mie nimeendesha gari la wazi la zamani kwenye uwanja wa saruji wa ghala moja lililokuwa la mkonge, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichokiona si mkia. Ni kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Kila nilipoligeuza, kioo kile kilitetemeka mpaka nyuma yangu pakawa ukungu mtupu, na fremu ya kioo cha mbele ikawa inacheza upande huu wakati dashibodi inacheza upande ule. Magari ya wazi ya zamani yote yana tabia hiyo, mengine kwa siri, mengine hadharani. Hiyo BMW yako, tunayoiita E46 kwa namba ya bodi yake, imejengwa vizuri kuliko lile langu. Lakini ukiiweka kando ya ndugu yake wa bati, ndugu yake ndiye mgumu.

Hapa nikupunguzie chumvi kidogo. Kwa mtu anayeanza, mwenye injini isiyo na turbo na matairi ya mtumba, tofauti ya ugumu wa bodi haizidi tofauti ya bushi zilizokwisha na bushi mpya. Nimeona vijana wanabishana juu ya bodi wakati tairodi zao zinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo sikwambii gari la wazi halidrifti. Linadrifti. Nakwambia kati ya hayo mawili uliyonayo mezani, moja linakufundisha na lingine linakuchanganya.

Na ukitazama waliobobea wanachagua nini, utaona hivyo hivyo. Mchezo huu ulilelewa kwenye barabara za milimani Japani, dereva wa huko, Keiichi Tsuchiya, akaupa sura, na gari linalohusishwa naye kuliko yote ni Toyota AE86, kibati cha milango miwili cha miaka ya 1983 hadi 1987. Mashindano ya D1 yakaanzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Formula Drift ya Marekani ikaanza msimu wake wa kwanza 2004. James Deane wa Ireland alichukua ubingwa wa Formula Drift miaka mitatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, akiwa na Nissan Silvia S15 ya paa la bati.

Utaniambia: mbona Daigo Saito wa Japani alikuwa bingwa wa Formula Drift 2012 na Lexus SC430, na SC430 kiwandani hutoka na paa la kukunjwa? Kweli. Ila gari la mashindano yale linawekewa kizimba cha mabomba ndani, kile wanachokiita rolikeji, na ukishaweka kizimba kamili umelirudishia boksi mfuniko wake, tena wa chuma kinene. Hapo habari ya wazi imekwisha. Lile lilikuwa gari lililofungwa lenye cheti cha kuzaliwa cha gari la wazi.

Hiyo SC430 inanikumbusha mtego mmoja. Kuna magari ambayo paa lake ni la bati lakini linakunjwa: SC430 yenyewe, Silvia S15 ile iliyoitwa Varietta, na BMW 3 ya kizazi kilichofuata baada ya hiyo yako. Likifungwa unaliona kama kibati cha kawaida, na wauzaji huliandika hivyo hivyo. Usiingie mkenge. Bati lile limelazwa juu ya mpira na kukamatwa kwa kufuli, halijachomelewa. Kwa habari ya ugumu ni turubai lililovaa koti la bati, na kwa uzito ni baya zaidi. Vilevile lile paa gumu la kufunga kwa kufuli juu ya Mazda Roadster: linazuia mvua na mwizi, basi.

Na neno lenyewe "hadtopu" lisikuchanganye ukilikuta kwenye karatasi za mnada wa Japani. Wajapani walilitumia hata kwa magari ya milango minne ambayo vioo vya milango havina fremu. Nenda kaangalie Toyota Mark II GX100 yoyote hapa mjini: fungua mlango, kioo kimesimama uchi. Fungua wa Mark II GX110, kioo kina fremu. Ile ya kwanza Japani iliuzwa kama hadtopu. Haina uhusiano na ubishi wako na rafiki yako.

Sasa niwatetee wa wazi, maana wapo wanaostahili. Gari lililokatwa paa ni tofauti na gari lililozaliwa bila paa. BMW yako ya wazi ni ya kundi la kwanza: walibuni gari la kufungwa, kisha wakatoa toleo la wazi. Mazda Roadster, ambayo nchi nyingine inaitwa MX-5, tangu ilipotoka 1989 ilibuniwa iwe wazi. Kuna fremu ndefu inayounganisha gia boksi na difu ili viwe kama mfupa mmoja wa mgongo, na Roadster ya kwanza ilikuwa chini ya tani moja. Honda S2000, iliyotengenezwa 1999 hadi 2009, ina sakafu yenye mihimili iliyopangwa kama herufi X, na wenyewe walijivunia ugumu wake mbele ya magari ya kufungwa. Hayo ni magari ya wazi ambayo nguvu zake ziko kwenye mkuku tangu siku ya kwanza. Rafiki yako angekutajia Roadster ningemsikiliza kwa heshima.

Ila hata hapo kuna jambo la mwanafunzi. Roadster ya kwanza ina sentimita 226.5 kati ya ekseli na ekseli. E46 yako ina 272.5. Hiyo tofauti ya sentimita 46 ndiyo tofauti ya mwalimu mkali na mwalimu mwenye subira. Gari fupi likianza kuzunguka linazunguka chap, hujamaliza kusema "ala!" umeshatazama ulikotoka. Refu linakupa muda wa kufikiri. Kwa hiyo kuna kijana atakayefundishwa na Roadster akawa hodari kuliko wewe, lakini mwezi wa kwanza atakuwa anaangalia nyuma zaidi ya mbele.

Sijafika kwenye sababu yangu kubwa. Ugumu wa bodi ni suala la raha na ufundi. Hili linalofuata ni suala la shingo.

Watu wengi wanaamini gari linapinduka kwa kasi. Mara nyingi linapinduka kwa kukwama. Gari likienda ubavu juu ya saruji laini, matairi yanateleza na hakuna neno. Likikuta ukingo, shimo, au mchanga mwingi, tairi linakwama na bodi inaendelea na safari. Na kudrifti ni kwenda ubavu kwa makusudi, tena na tena. Yalinikuta kwenye uwanja ule ule wa ghala. Gurudumu la nyuma la kulia liligonga ukingo wa mfuniko wa chemba uliochomoza kiasi cha vidole viwili hivi. Nilikuwa nimeupita mara kumi bila kuugusa. Magurudumu mawili yakaacha ardhi, nikaiona saruji kwenye usawa wa bega langu, karibu kiasi cha kuhesabu kokoto. Gari likarudi chini lenyewe, sikulirudisha mimi. Nilikuwa nimevaa kofia ya pikipiki, na juu ya kofia hapakuwa na kitu isipokuwa mbingu.

E46 ya wazi ina vyuma viwili nyuma ya siti za nyuma vinavyofyatuka vyenyewe gari likihisi linapinduka, vikishirikiana na fremu ya kioo cha mbele. Ni kazi nzuri ya kiwandani, kwa abiria aliyekaa kawaida barabarani. Wewe utakuwa umevaa kofia ngumu, kichwa kimepanda juu sentimita kadhaa. Kaa kwenye siti, jifunge mkanda, vaa kofia, kisha mwambie mwenzako alaze ufito ulionyooka kutoka juu ya upinde wa nyuma mpaka juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kofia iwe chini ya ufito huo kwa sentimita 5 au zaidi. Ndiyo kipimo kinachotumika kwenye viwanja vingi vya wenzetu kwa magari ya wazi. Usipofaulu kipimo hicho, kichwa chako ndicho nguzo ya gari.

Kwa hiyo ukichukua ya wazi, upinde wa bomba nyuma ya siti si pambo, ni lazima. Na hapa Tanga najua utakapokwenda: kwa fundi wa mageti, atakukunjia bomba la maji. Tafadhali. Bomba la maji lina mshono uliounganishwa kiwandani, lina unene wa kubahatisha, na limepakwa zinki. Likipigwa linafunguka kwenye mshono kama ganda la njegere. Na fundi akilichomelea bila kuikwangua ile zinki, usiku anatetemeka homa, anakwenda kupima malaria, hana. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa upinde mkuu zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2.0. Kila unyayo unakaa juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120 angalau, ili usitoboe sakafu kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye tope. Sasa piga hesabu ya bomba hilo, kulikunja bila kulibonyeza, mabamba, na fundi anayejua kuchomelea chuma chembamba. Ule unafuu wa bei wa gari la wazi umeshaondoka, na umechukua na cha juu.

Ya bati nayo haikupi leseni ya kupinduka, lakini mwezi wako wa kwanza kwa mwendo wa chini, paa lililochomelewa, mkanda mzima na kofia ni mwanzo unaoeleweka. Na usikimbilie kizimba kamili kwenye gari utakaloendea pia sokoni. Bomba karibu na kichwa kisicho na kofia ni nyundo inayokusubiri.

Twende kwenye kutu, maana hapa ndipo Tanga yenyewe inapoingia. Nimekwambia gari la wazi limeweka nguvu zake kwenye mihimili ya chini ya milango. Kutu la pwani linapenda kula wapi? Hapo hapo. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na gari la wazi lina mifereji yake midogo ya kutolea maji ya turubai. Ikizibwa na majani na vumbi, maji yanashuka ndani ya bodi na kukaa. Gari la bati lenye mhimili ulioliwa ni gari bovu. La wazi lenye mhimili ulioliwa limevunjika mgongo, halijaanguka tu.

Lipime hivi, na fanya kipimo hiki kwa lolote utakalochagua. Funga milango yote. Chukua sarafu ya shilingi 200, ipitishe kwenye mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma, juu, karibu na kitasa. Sikia inavyopita. Kisha weka jeki pale pa kuinulia, inua upande mmoja mpaka gurudumu la mbele liachane na ardhi. Pitisha sarafu tena pale pale, kisha fungua mlango na ufunge. Kwenye ya bati hutaona badiliko la maana. Kwenye ya wazi iliyo nzima mwanya utabadilika kidogo sana na mlango utafunga. Mwanya ukibana sarafu, au mlango ukikwama ukataka kusukumwa kwa paja, teremsha jeki, mshukuru mwenye gari, rudi kituo cha basi. Niliwahi kuletewa gari la wazi ambalo mlango wake ulifunguka chini ya jeki ukakataa kabisa kurudi. Mwenyewe alidhani bawaba. Tulipokwangua rangi tukakuta puti, chini ya puti gazeti, chini ya gazeti hewa. Gonga mihimili kwa mpini wa bisibisi: chuma kinalia, puti inanung'unika. Sumaku ya spika kuukuu nayo itakwambia kweli.

Na hiyo E46, ya bati au ya wazi, ina ugonjwa wake wa kuzaliwa unaojulikana dunia nzima: sakafu ya nyuma, pale inapofungwa fremu inayobeba difu na mikono ya magurudumu, hupasuka. Kila ukikanyaga mafuta na kuachia klachi kwa kishindo, fremu ile inavuta bati la sakafu. Kudrifti ni kufanya hivyo siku nzima. Toa zulia la buti, kisha ingia chini na tochi na mswaki wa waya, safisha pale bushi nne za fremu zinapokaa, tafuta ufa mwembamba kama unywele au rangi iliyovimba. Ukiukuta mdogo, unachomelewa na kuwekewa mabamba ya kuimarisha, na ni bora mabamba hayo yawekwe hata kama ufa haupo. Ukiukuta mkubwa, tafuta gari jingine.

Mengine nayapitia haraka. Difu ya kawaida ya gari hilo itazungusha gurudumu moja tu lililokosa mshiko. Unahitaji difu yenye kibano, au ile ya maskini, iliyochomelewa ndani. Iliyochomelewa inafaa uwanjani, ila barabarani kila kona utasikia matairi yanalia na shafti zinalalamika, kwa hiyo usiniambie utaendea nayo kazini. Hendibreki yake ni kiatu kidogo ndani ya diski ya nyuma, imetengenezwa kwa kuegesha. Itakusaidia mara chache kisha itachoka. Tanki la maji la plastiki na shingo za rejeta hupasuka kwa uzee, na joto letu la kaskazi halisaidii, badilisha kabla hujaanza. Tairi za nyuma nunua za bei ya chini, za mbele nunua nzuri. Siti inayokukamata kiuno itakufundisha zaidi ya nguvu farasi 50 za ziada.

Kuna moja la wazi nitalikubali mpaka kesho. Ukidrifti unatazama dirisha la ubavuni, si kioo cha mbele, na kwenye gari la wazi hakuna kinachokuzuia kuona. Sauti ya tairi unaisikia safi, unajua linapoanza kushika tena. Raha yake haina mfano, hasa jioni upepo ukitoka baharini. Kisha moshi wa tairi unazunguka nyuma ya kioo cha mbele na kukujaa kifuani, na kokoto inakupiga shavuni, lakini sikatai, raha ipo.

Na kama BMW bado haijakushika moyo kabisa, nakutajia nisichoulizwa: Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono. Ina milango minne, inasukuma kwa nyuma, bodi yake imefungwa, na vipuri vyake havihitaji safari ya kwenda na kurudi kila bushi inapokufa. Vijana wanaidharau kwa kuwa ina milango ya abiria. Difu haihesabu milango.

Mahali pa kufanyia nadhani unajua: si barabara ya Raskazone usiku. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haina huruma na uendeshaji wa hatari, na bima wakisikia neno drifti wanafunga faili. Tafuta uwanja wenye mwenyewe, mwombe kwa maneno mazuri, utembee kwa miguu mzima mzima kabla ya kuwasha gari, na kila mfuniko wa chemba utakaouona uuwekee tairi kuukuu juu yake.

Ukienda Dar kuziangalia, nenda asubuhi, gari likiwa halijaoshwa. Piga picha ya sakafu ya buti zulia likiwa nje, na ya bushi nne za fremu ya nyuma ukiwa chini yake, zote kwa tochi. Nitumie kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba.